Rafiki yangu alimjaribu mchumba wangu kwa namba ngeni

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 31, nauza vitenge na madera sokoni Mtwara mjini. Nina rafiki niliyekutana naye kidato cha kwanza Newala, sasa ni miaka 17. Yeye anakaa Mikindani. Oktoba iliyopita nilifahamiana Facebook na mwanaume aliyekuja kwa msimu wa korosho, karani wa ghala. Aliahidi kwamba msimu ukiisha atapeleka barua kwa mjomba wangu Tandahimba. Mwezi wa nne nilipopokea zamu yangu ya mchezo, ule upatu wa kuchangiana pesa, nilimkopesha pesa yote, laki nne, alisema amekwama.

Mwezi uliopita rafiki yangu, bila kuniambia, alichukua laini nyingine, akaweka picha ya binti wa shangazi yake, akamwandikia mchumba wangu. Wakachati siku tatu. Mwanaume alimwambia "mimi sina mtu huku", akataka waonane Shangani. Rafiki yangu akapiga skrinshoti akazitupa kwenye kikundi chetu cha mchezo. Tuko wanawake wanane. Na mimi nilizionea humohumo, pamoja na wenzangu.

Mchumba wangu anasema alijua ni mtego, alikuwa anacheza tu. Ameniambia nichague: yeye au huyo rafiki mwenye wivu. Rafiki yangu sijaongea naye wiki tatu. Nataka pia kujitoa kwenye mchezo, maana mwezi ujao ni zamu yake kupokea na sitaki kumpa hata senti. Mama, nimwache nani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na kalamu, nikawa napiga mstari chini ya mambo ambayo hukuyauliza. Umeuliza umwache nani. Nitafika huko. Lakini kwanza tufungue fundo, kwa sababu umefunga pamoja mambo mawili: alichosema mwanaume, na alichofanya rafiki yako. Kosa la mmoja halimsafishi mwingine.

Nianze na mwanaume.

Anasema alijua ni mtego. Kwa siku tatu? Mtu akijua anategwa hujibu palepale, "acheni utani", kisha anakupigia wewe mcheke wote wawili. Huyu alichati siku tatu, akataja na mahali pa kuonana, na hakukwambia neno mpaka skrinshoti zilipotoka. Mtego haukumtia maneno mdomoni. Hata hivyo, kama ungeniandikia kwamba aliona haya akakuomba radhi, ningekwambia umsikilize. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, hujibu namba ngeni usiku kwa upuuzi tu, na kukipambazuka wanajuta. Kwa hilo peke yake nisingekushauri uvunje uchumba.

Kilichonishtua ni neno moja. Hakusema "sina mtu". Alisema "sina mtu huku". Fungua tena ile picha uisome polepole. Asiye na mtu husema hana. Anayeongeza "huku" kichwani mwake ana huku na ana kule. Huenda kwake ni namna tu ya kuongea, na ndiyo maana sikuambii ana mke. Nakuambia ulizia. Nimekaa na wanawake wa mji huu kwenye kiti cha ushauri nasaha kwa miaka 19, na neno hilo nimelisikia mara nyingi mno nisilipuuze.

Wewe ni mtu wa hapa, unajua mji unavyobadilika Oktoba minada ya korosho ikifunguliwa. Wanaingia madereva wa malori, makarani, wapima uzito, vibarua wa maghala, mawakala wa wanunuzi. Nyumba za wageni zinajaa kuanzia hapa mpaka Tandahimba na Masasi. Wengi wao ni watu wa heshima waliofuata riziki, na wapo waliooa hapa wakabaki, leo wana wajukuu. Lakini wapo wanaojiambia kuwa ya huku yataishia huku. Tuliyaona hayohayo kipindi cha ujenzi wa bomba la gesi kwenda Dar es Salaam na kiwanda cha saruji, vyote vilivyokamilika mwaka 2015. Mafundi waliondoka na makambi yao, na mimi nikapokea mabinti waliobaki na ujauzito na namba ya simu isiyopatikana.

Sasa tazama kalenda. Alikwambia msimu ukiisha atapeleka barua Tandahimba. Msimu umefungwa zamani, watu wameanza kupulizia salfa mikorosho ya msimu ujao, na barua haijafika. Badala ya barua kwenda kwa mjomba, laki nne imetoka kwako kwenda kwake. Mtu kukwama si dhambi. Lakini nilipoandika ahadi yake upande mmoja wa karatasi na pesa yako upande wa pili, sikuona kilichotoka kwake mpaka leo isipokuwa maneno.

Halafu hili la kuchagua, yeye au rafiki. Hapa nisikilize kama mtu anayekuzaa. Mwanaume wa miezi minane anayekutaka umtupe mtu wa miaka 17, tena wiki ileile alipokamatwa, hakuombi mapenzi. Anaondoa shahidi. Katika kazi yangu, wanawake walioishia kupigwa au kunyang'anywa kila kitu, simulizi zao huanza karibu sawa. Kwanza rafiki mmoja "ana wivu". Kisha dada "anaingilia". Mwisho hata mama anapigiwa simu kwa kujificha chooni. Sisemi mchumba wako ni wa namna hiyo. Nasema mlango huo ndio unaopitiwa, na yeye ameushika kitasa.

Kwa hiyo muulize mambo mawili, uso kwa uso, mchana, mahali penye watu. La kwanza: "Huko kwenu kuna nani?" Usimuulize kama anakupenda, hilo kila mtu analijibu vizuri. La pili: "Lini utanipa namba ya mzee wenu mmoja ili mjomba wangu azungumze naye?" Mwanaume mwenye nia atakuwa na mtu wa kumtaja, hata kama ni kaka, hata kama ni mjumbe wa mtaa wao. Asiye na nia atakasirika kwa kuulizwa.

Na mjomba wako mtumie, ndiyo kazi yake. Sisi watu wa huku kusini, Wamakonde, Wamakua, Wamwera, Wayao, ukoo wetu unafuata upande wa mama, na mjomba hakuwekwa kwenye ndoa ya mpwa wake kama pambo. Yeye ndiye anayeuliza bila kuonekana mdaku. Hata serikali inajua kwamba ndoa inahitaji muda wa kuulizana: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, na mke aliyepo, kama yupo, ana haki ya kuweka pingamizi. Mtu anayekwambia "tufunge kimyakimya, mambo ya matangazo ya nini", basi hizo siku 21 ndizo anazozikimbia.

Pesa: mwandikie ujumbe, usimpigie. "Ile laki nne niliyokukopesha mwezi wa nne utanirudishia lini?" Maneno hayohayo, usiongeze matusi. Akijibu "mwezi ujao" tayari amekiri kwa maandishi kwamba ni mkopo. Ujumbe wa muamala usiufute. Bila hivyo, siku mkiachana atasema ulimpa kwa mapenzi. Na nenda kapime afya, kituo chochote cha serikali, upimaji wa VVU ni bure. Hilo halimsubiri mjomba wala jibu lake.

Sasa tuje kwa rafiki yako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua yako yote, ukiisoma vizuri, inamlilia yeye.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa kungwi Mikindani. Mwali alipochezwa unyago alipewa somo, mwanamke mmoja wa kwake. Mengi ya ndani ya unyago hayaandikwi na mimi sitayaandika, lakini kazi ya somo nje ya mlango kila mtu aliiona. Alijua binti anaonana na nani. Alipoletwa mchumba, somo alikuwa miongoni mwa wanaouliza habari zake. Siku ya harusi alikuwepo, na ndoa ikiyumba ndiye aliyekimbiliwa kabla ya mzazi. Na alifungwa na sharti moja zito: aliloliona analipeleka kwa mwali wake au kwa mama wa mwali, mlango umefungwa. Somo aliyetoa siri kisimani hakupewa mwali mwingine.

Pembeni ya somo kulikuwa na mshenga, na wazee waliotumwa kwenda kulala kijiji cha pili wakichunguza ukoo. Kwa Wayao mume ndiye aliyehamia kwao mke. Mgeni alikuwa yeye. Kama ana tabia, iliota jua mbele ya mama mkwe na wajomba kabla mtoto wa pili hajazaliwa.

Leo mwanaume anaingia kupitia simu. Hana kijiji, hana mama, ana picha nne na gari ambalo hujui la nani. Anayebaki kusimama mahali pa somo, mshenga na wazee wote kwa pamoja ni rafiki, mwanamke wa rika lako, ambaye hakuna aliyemfundisha kazi hiyo na hakuna aliyemlisha kiapo. Huyo ndiye unayemtumia meseji za mwanaume umuulize "hapa anamaanisha nini?" Ndiye unayemwambia "nikichelewa kurudi nipigie". Nikimwangalia rafiki yako hivyo, namwelewa. Aliona msimu umeisha, barua haijaenda, laki nne imekwenda, na wewe husikii. Akafanya uchunguzi kwa kifaa pekee alichokuwa nacho mkononi.

Na kuna jambo sidhani ulilipigia hesabu. Mko wanane, mkitoa elfu hamsini hamsini, zamu ni laki nne. Ndiyo laki nne uliyompa. Elfu hamsini ya rafiki yako imo ndani yake. Elfu hamsini ya yule mama anayeuza samaki, ya yule wa chakula, zimo pia. Waliposoma "sina mtu huku" kwenye kikundi, kila mmoja wao alikuwa anasoma habari za jasho lake. Sisemi walikuwa na haki ya kuzisoma. Nakueleza kwa nini hakuna aliyefumba macho.

Alikosea wapi basi? Hakukosea kushuku. Alikosea mara tatu baada ya hapo.

Hakukuuliza kwanza. Uchumba ni wako, kumjaribu mwanaume wako ilikuwa ruhusa yako. Pengine ungekataa, na hiyo ingekuwa haki yako hata kama ungekuwa unajidanganya.

Pili, alichokipata hakukileta kwako. Angepanda daladala kutoka Mikindani, hata saa moja barabarani haifiki, akakaa na wewe nyuma ya meza ya vitenge mkasoma wawili. Ungelia, ungemtukana, lakini ungelia mbele ya mtu mmoja. Alikutoa nguo mbele ya wanawake saba. Hili ndilo linalokuuma, mwanangu, kuliko hata mwanaume. Umeandika "na mimi nilizionea humohumo, pamoja na wenzangu", na hapo mwandiko wako umebadilika. Niliuona.

La tatu ndilo linalonikasirisha mimi zaidi, na wewe umelipita kwa maneno machache: ile picha. Binti wa shangazi yake. Kuna aliyemuuliza? Sura yake sasa iko kwenye simu ya mwanaume ambaye anaamini walikuwa na miadi Shangani, na iko kwenye simu za wanawake wanane kama "yule aliyemtega". Mtwara hii tunakutana sokoni, tunakutana msibani, tunakutana hospitali ya Ligula tukipeleka uji. Siku yule mwanaume atakapomwona kituoni akamfuata, nani atakuwa naye? Kujifanya mtu mwingine kwa njia ya simu kumeorodheshwa kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini hata kusingekuwa na sheria, huyo ni binti wa watu. Katika ugomvi wenu wa watu watatu yeye ni wa nne, na hakuna anayemtaja. Rafiki yako ana deni kwake kubwa kuliko alilonalo kwako. Nawe mwambie mwanaume wazi kwamba binti mwenye picha hahusiki na hakuwahi kumwandikia, na kwamba aifute.

Kuna la kwako pia. Uliniambia kwenye meseji ya pili kwamba umeweka status, "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Mama zetu walisemana hivyo kwa kanga. Mtu anajifunga jina la kanga anapita mbele ya baraza, mwenye kuambiwa anajua ameambiwa. Lakini kanga ilipita mara moja ikarudi nyumbani kufuliwa. Status inasomwa na watu mia mbili, na mmoja wao ni mchumba wako, anayeona kwamba kazi yake inafanywa na wewe bila yeye kuinua mkono. Iondoe leo.

Mnapokutana, usianze na mwanaume. Mkianza naye mtabishana juu yake na nyote mtasahau kilichowakutanisha. Anza na kikundi. Mwambie: "Kwa nini hukuniletea mimi?" Kisha nyamaza. Atajitetea. Atasema hukuwa unasikia, na atakuwa na ukweli. Mwache amalize. Akisema "nilikosea kuzituma" bila kuongeza "lakini", mmepona nusu. Akianza "si ungeniskiliza…", usikasirike upesi. Watu wetu hawajazoea kuomba radhi kwa maneno. Wengine huomba kwa kukuwekea chakula.

Mkishapita hapo, pangeni. Naomba hili mlichukue kwa uzito, kwa sababu mtahitajiana tena, wewe kwa mwanaume huyu au mwingine, na yeye kwa wake. Mkubaliane nini kila mmoja anaruhusiwa kumfanyia mwenzake. Akiwa na shaka anakwambia mara moja, kwa mdomo, kisha anaacha uamuzi kwako. Hatembei na meseji zako kwa mtu wa tatu. Ukienda kuonana na mtu mgeni, yeye anajua mahali, saa, na jina la mtu, na ukipita muda mliopatana anapiga simu. Pesa inayozidi kiwango fulani haitoki kwenda kwa mwanaume kabla hujamwambia mwenzako, si kwa kuomba ruhusa, kwa kuitamka tu. Laki nne ukiitamka kwa sauti mbele ya mtu anayekupenda, unaisikia uzito wake.

Zamani tungesema anakuwa shoga yako wa kweli. Nasikitika kwamba neno hilo zuri wanawake wengi wanaogopa kulitamka siku hizi, limebebeshwa maana nyingine. Mama zetu waliitana hivyo mlango kwa mlango, na waliponunua doti ya kanga waligawana, kipande kimoja kwako kimoja kwake, ili ukikivaa mtu ajue wa pili kiko nyumba gani.

Umwache nani? Rafiki, hapana. Ana kosa, na kosa lake lina jina na lina dawa. Mwanaume, ngoja majibu ya maswali mawili, na usingoje zaidi ya wiki mbili. Akileta namba ya mzee wao na mjomba akarudi na habari njema, basi nitakuwa nimemdhania vibaya na nitafurahi. Akirudia "chagua", ameshakuchagulia.

Limebaki la mchezo. Mwanangu, zamu yako umeshapokea. Wanawake saba wamekupa, na rafiki yako bado hajapewa. Ukijitoa sasa hujamkomesha, umemdhulumu, na mjumbe wa kikundi akikuita mwizi sitakuwa na neno la kukutetea. Tena usimtumie kwa simu. Siku ya zamu funga meza mapema, panda gari la Mikindani, mpelekee elfu hamsini yake mkononi, na ukikaribishwa ndani, ingia.